Wahitaji wa Loresho

Fomu ya serikali ya ufadhili wa chuo kikuu iliuliza ninakoishi. Nikajaza Loresho, mtaa wa matajiri, maana ndiko tulikokaa mimi na mama, katika chumba kimoja nyuma ya jumba la mwajiri wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini fomu haikuuliza kata. Jibu likaja kwamba mimi si mhitaji, mzazi wangu anajiweza, alipe karo yote. Nilicheka kwa hasira.

Rufaa zilikuwa zinafungwa Ijumaa, na bila rufaa nafasi yangu chuoni ingepotea. Ijumaa hiyo asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ufadhili katikati ya jiji. Nilikuwa nimemsihi mama aende na nguo zake za kazi, akanitazama kama niliyemtukana. Kwao magharibi, hakuna aingiaye ofisi ya serikali bila kuvaa kama anakwenda kanisani. Alivaa suti ya buluu aliyopewa na mwajiri, na shati langu akalipiga pasi mpaka kola ikasimama.

Karani alituangalia, akaangalia fomu, akasema watu wa Loresho ndio wanaowanyang'anya watoto wa maskini haki yao. Watu wa foleni wakatega masikio. Hata kanisani mama hakuwahi kusema anafanya kazi gani. Husema tu anakaa Loresho, mengine watu hujimalizia wenyewe.

"Mimi nafanyanga kazi ya nyumba huko," alisema, wala hakupunguza sauti. "Hiyo nyumba si yangu. Hata hii suti ni ya kupewa. Andika."

Nami, Mungu anisamehe, niligeuka kuona kama nyuma yetu kuna mtu niliyesoma naye. Hilo linaniuma mpaka leo. Karani aliandika, akagonga muhuri.

Wiki chache baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu: nimepata ufadhili. Nilirukaruka chumbani kama mtoto. Mama aliacha kukunja nguo, akataka nimsomee yote, hasa tulivyoitwa. Nikamsomea: mhitaji kupindukia, kutoka familia isiyojiweza.

Mama huyu ndiye aliyenilisha na kunivisha peke yake miaka yote, asiombe jirani hata chumvi.

"Basi wamekosea tena," alisema, akarudia nguo zake.