Uyoga wa Ng'ombe

Oksenja aliishi karibu mwaka mzima katika chumba cha nyuma cha Tyyne Rekola, na muda wote huo hakukubali kwamba anaishi pale. "Tupo tu," ndivyo alivyowajibu waliomuuliza. Mpaka ulikuwa umesogezwa vitani, kijiji chao cha kule Suojärvi, mashariki, kikaangukia upande wa adui, mumewe Miihkali yuko kaskazini anakata magogo, na yeye na binti zake wawili wamepachikwa kwetu sisi watu wa Häme. Nasi tunajijua. Ukitusalimia asubuhi, jibu tunalileta jioni. Kule alikotoka Oksenja mtu akipita nje bila kuingia kunywa chai, ujue mmegombana.

Mali yake yote ilikuwa Muurikki, ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Walitembea pamoja kutoka Suojärvi, wiki baada ya wiki, katika matope ya vuli, watoto wakiwa wamepandishwa kwenye mkokoteni wa jirani. Muurikki ndiye maziwa, ndiye siagi, ndiye aliyewafanya wasikae mezani kwa Tyyne kama ombaomba. Tena alikuwa na sifa yake. Kabla ya hapo walishakimbia vita mara moja, na watu waliporuhusiwa kurudi, ni huyu huyu Muurikki aliyetangulia barabarani, akakata kona bila kuelekezwa na mtu, akaenda kusimama mlangoni pa zizi lake. Zizi lenyewe lilikuwa majivu matupu. Alisimama pale pale, akasubiri kufunguliwa.

Tangu siku ile Oksenja aliamini kwamba ng'ombe wake anaijua njia ya nyumbani kuliko binadamu. Na huku Häme, kila alipomkuta amesimama kwenye uzio akitazama mawio, alishindwa hata kumkamua vizuri kwa uchungu.

Basi Agosti ile, mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo, kisha jua likawaka. Asubuhi moja Muurikki hakuja kukamuliwa.

"Uyoga umetoka," Tyyne alisema, akiendelea kusugua makopo ya maziwa. "Hata wangu wawili hawajarudi. Ng'ombe akishaonja uyoga hasikii la mtu. Ndiyo maana mimi hata kuuona sitaki."

"Labda hao wako. Wangu si mlafi."

"Ng'ombe ni ng'ombe, bibie."

"Muurikki ameondoka, Tyyne. Amekwenda kwetu."

Tyyne akaacha kusugua. "Kwenu wapi? Kwenye bunduki za watu?"

Hilo ndilo lililomkausha mate Oksenja. Mpakani ng'ombe haulizwi jina. Anapigwa risasi, jioni yuko sufuriani. Na watoto wangekunywa nini? Tyyne alimwelekeza njia ya kinamasi, upande wa machweo, ambako ng'ombe wote wa kijiji huenda kushibia. Oksenja akashika njia ya mawio. Mbishi, we mwache tu!

Barabarani alimkuta mzee Kustaa akitengeneza uzio.

"Ng'ombe kapotea," Kustaa akasema, "au kayakimbia maneno yako?"

"Angeyakimbia maneno angebaki hapa hapa kwako. Hapa hakuna hata moja."

Mzee akacheka bila kupenda. "Hajapita huku, mama. Udongo umelowa, tungeona kwato."

Hakumwamini. Aliendelea mbele akitazama chini, na kweli, hapakuwa na ukwato hata mmoja. Sasa hofu ikawa mbaya zaidi, maana kama hakupita barabarani, basi amekata msituni, na msituni nani atamwona? Akaingia msituni akiita, ile sauti ndefu ya juu wanayoitia ng'ombe wanawake wa kwao, inayopanda na kushuka. Hakuitikiwa na chochote.

Karibu na kisiki aliona shina la uyoga. Kofia yake ilikuwa imeng'atwa, na pale palipokatika yalikuwa yakichuruzika matone meupe, mabichi, kama maziwa. Akapiga magoti. Akagusa kwa kidole, akaonja: ukali ukamchoma ulimi kama pilipili. Aliujua ukali huo tangu utotoni. Mama yake alikuwa akiulaza uyoga huo kwenye chumvi kila mwaka. Mbele kidogo akaona shina jingine lililong'atwa, kisha jingine, kisha matatu pamoja. Akafuata. Njia ile ilizunguka taratibu, ikaliacha jua nyuma yake, ikashika upande wa machweo. Oksenja aliliona hilo, akajifanya halioni.

Misonobari ikaachana, ikaanza miti yenye magome meupe. Hapo akasimama.

Hapakuwa na pa kuweka mguu. Uyoga ulikuwa umeuzunguka kila mti, duara ndani ya duara, wenye kofia za waridi zenye manyoya ukingoni, wenye kofia za kijivu pana kama sahani, na katikati, kwenye majani laini yaliyotanda ardhini, ule wa manjano uking'aa hadi macho yake yalipokoma kuona. Mkubwa ulikuwa umeoza ukiwa umesimama, na mdogo umetoboa katikati ya uliooza, na juu ya huo kuna mwingine. Hapakuwa na alama ya kisu. Kule kwao wanawake waliamka kabla ya jua na kupita njia za kuzunguka wasifuatwe, wakachakura chini ya majani kwa ajili ya konzi moja. Hapa hakuna mkono uliowahi kugusa tangu dunia iumbwe.

"Mungu wangu," alisema, kwa sauti ndogo. Akapiga ishara ya msalaba. Kisha, asijue kwa nini, akavua viatu. Aliogopa kukanyaga, aliogopa hata kupumua kwa nguvu, na papo hapo alifurahi kiasi cha kusahau kabisa amefuata nini.

Kengele ikalia.

Muurikki alikuwa hatua chache tu mbele, pamoja na wale wawili wa Tyyne, povu jeupe mdomoni, kiwele kimejaa hadi kinametameta. Alimtazama Oksenja mara moja, akatafuna, akainamisha kichwa tena. Mawio alikuwa ameyapa makalio.

"We!" Oksenja alipiga kelele. "Mimi nakulilia mwaka mzima, kumbe wewe umeshahamia!"

Na ndipo lilipomjia jambo la uzio: ng'ambo ya uzio ule anaposimama Muurikki palikuwa na shayiri changa ya Tyyne. Ng'ombe alikuwa akitazama chakula, mchana kutwa. Aliyekuwa akitazama Suojärvi ni yeye mwenyewe. Alicheka, akalia, akajifuta, akacheka tena. Halafu akatandaza aproni yake chini, akaanza kuchuma.

Tyyne alitokea upande wa kinamasi, akahema, akamwona. Tumshukuru, hakusema "si nilikwambia."

"Unawachumia ng'ombe? Hao wameshiba."

"Nachumia watoto."

"Utawaua!"

"Ukiula mbichi utajuta. Unauchemsha, unamwaga maji, ukali wote unatoka. Kisha unaulaza kwenye pipa na chumvi, unaweka jiwe juu, unaacha."

"Unaacha hadi lini?"

Oksenja aliacha kuchuma. Kwao pipa lilifunguliwa siku moja tu, na siku hiyo huwa theluji imefika madirishani. Aliutazama msitu wote ule. Alimtazama ng'ombe wake.

"Krismasi," alisema, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake akajua kwamba Krismasi hiyo itawakuta hapa hapa Häme, akakaa chini.

Tyyne alikuja akachuchumaa karibu naye, bega kwa bega, akauangalia uyoga.

"Pipa ninalo," alisema. "Unataka la ukubwa gani?"

"Kubwa, dada yangu," Oksenja alisema. "Nipe kubwa kuliko yote."