Chui Milia Kwenye Vileja

Harufu ya hiliki ikikutana na samli ya moto huwafurahisha watu wengi. Mimi hunikata hamu ya kula. Nikiingia nyumba ya arusi nikaisikia, natafuta kiti karibu na mlango, na jamaa zangu wameshazoea kunicheka, Mzanzibari gani huyu asiyekula vileja, biskuti zetu za samli. Leo nitakwambieni sababu, maana nimechoka kusingizia meno.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Baghdadiyah, Jeddah, ghorofa ya pili: mimi, Baba na Bibi mzaa baba, aliyeletwa mji huo akiwa msichana baada ya Mapinduzi na hakuacha hata siku moja kupika kama yuko mtaani kwao Ng'ambo, Zanzibar. Baba alikuwa na rafiki katika soko la Balad, mzee wa Kisindi tuliyemwita Chacha, muuza shanga na vikorokoro. Siku moja Chacha alinipa mihuri mitatu ya udongo, mfano wa ile ya kale iliyofukuliwa kwao, yenye wanyama na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mmoja ulikuwa na fahali wa pembe moja, mbele yake kimesimama chombo fulani. Wa pili ulikuwa na tembo. Wa tatu ulikuwa na mtu aliyekaa juu ya mti, na chini yake chui milia amegeuza shingo anamtazama.

Nilimwuliza kile chombo mbele ya fahali ni nini.

"Wengine wanasema hori la chakula," alisema kwa Kiarabu chake cha sokoni, "wengine chetezo, wengine chujio. Mafi maalum, haijulikani. Anayejua ni yule aliyeupiga muhuri. Mimi na wewe tunakisia tu."

Hilo la kukisia nililichukua. Lile la aliyeupiga muhuri nililiacha palepale dukani.

Bibi hakuona mambo ya kale, aliona vitu vya kupigia vileja. Aliiosha mihuri, akaipaka samli, na tangu siku hiyo vileja vyetu vikawa na wanyama mgongoni.

Juu yetu, ghorofa ya tatu, alifika dada wa kazi kutoka Kenya, jina lake Mercy. Ilikuwa miaka ile ambayo kila ndege ilishusha wasichana wa Kikenya. Dirisha la jiko letu na la jiko lao yalitazama shimo moja la hewa, na asubuhi Bibi alimfundisha vileja kwa sauti, mmoja chini mwenzake juu, nami katikati nikidakia.

"Kazi naweza, shosho," alimwambia Bibi siku moja, "lakini simu yangu madam ameweka kwa kabati, na mlango anafunga na ufunguo."

Bibi aliacha kupepeta. "Mwanangu, likikushinda useme. Baba yake huyu atakuja kukutoa."

Baba alikubali, ila alitaka Mercy aseme mwenyewe. Sisi nasi tuliishi kwa ikama, kibali cha ukaazi, chini ya kafili aliyetudhamini, na kuvamia nyumba ya mtu kwa dhana kungetufukuzisha nchi. Neno moja tu la Mercy lingemtosha.

Madam alivipenda vileja vya Mercy hata akatuma kuazima mihuri yetu. Mimi na Mercy tukapata mchezo. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, basi sahani yetu ikipanda na chakula, itashuka na vileja vya Mercy, na muhuri wake ndio habari. Fahali maana yake nimekula, nimelala. Tembo, nyumba imejaa wageni, nimechoka. Wa tatu tulisema tutaupa maana kesho. Kesho yake tulikuta dirisha lao limepigiliwa ubao.

Wiki mbili wakashuka fahali na tembo. Madam mwenyewe aliifunua sahani na kuikagua kabla haijatoka, karatasi isingepita. "Haya msomaji wangu, anasemaje leo?" Bibi alikuwa akiniuliza, nami nikisoma kifua mbele. Kisha Jumamosi moja vileja vyote vikaja na chui milia.

Wallahi sikusita. Nilimtazama yule mtu juu ya mti, nikaona kamponyoka mnyama, kakaa kwenye tawi raha mustarehe. "Anasema yu salama, Bibi. Chui hamfikii."

Bibi alikigeuzageuza kile kileja. "Mbona huyo mnyama haondoki?"

Nikamcheka, nikamwambia yeye hakusomeshwa na Chacha. Baba alikuwa kashika funguo za gari, tayari kwenda kumtoa Mercy. Alizirudisha mezani.

Siku nne sahani ilishuka na chui. Huko juu tulisikia fanicha ikiburutwa, halafu kimya cha mchana kutwa, na Bibi akawa anakula akitazama dari. Siku ya tano vileja vilikuwa vimeharibika. Mti ulikuwa umefutwa kwa ukucha, na mtu na chui walibaki wamegusana. Nilidhani unga ulizidi maji. Bibi alikuwa kwenye sala ya alasiri na mimi nina njaa, nikavila vyote sita na chai ya maziwa. Alipouliza, nikasema leo ni fahali.

Kesho yake sahani ilirudi tupu. Bibi aliitazama, akavaa baibui lake, akapanda ngazi. Madam alimjibu mlangoni kwamba Mercy kapelekwa Riyadh, kwa dada wa huyo Madam. "Halas, yamekwisha," akasema, akafunga. Baba alimwendea kafili wa Mercy, akaambiwa hayamhusu.

Baada ya miezi Baba alikwenda Riyadh kikazi, akawauliza wanawake wa Kikenya kule mtaa wa Batha. Walimjua. Mercy alishuka mwenyewe kwa dirisha la ghorofa ya tatu la nyumba hiyo ya Riyadh, kwa mashuka aliyoyafunganisha, na mashuka hayakufika chini. Alirudishwa kwao kwenye kiti cha magurudumu. Baba alitusimulia tukiwa kwenye chakula. Bibi hakuniangalia, na mpaka anakufa hakunigombeza, jambo ambalo ningelipenda alifanye.

Utotoni niliona mtu aliyepanda. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba yule hawezi kushuka, na kwamba siku ile ya tano hata mti hakuwa nao tena. Mercy alituandikia siku tano mfululizo kwa njia pekee aliyoachiwa. Barua ya mwisho, iliyokuwa wazi kuliko zote, niliila na chai.