Nyumba ya Thekla Iliyokwama Njiani

Kampuni ya reli ilipoweka stesheni maili tatu kusini mwa Willow Ford, sisi watu wa Willow Ford tuliamua kuhama na nyumba zetu mgongoni, kama konokono. Ilikuwa Januari, theluji imeganda kama chuma. Lorenz Dahlke alifunga maksai kumi na sita, akapitisha magogo chini ya duka la vyakula, akaliburuta na mapipa yake ndani. Baa ikafuata, kisha kanisa. Aliyeshangazwa na mpangilio huo ni mchungaji peke yake.

Shangazi yangu Thekla Oldenkamp, mjane, alikuwa akilaza wageni: vyumba vitano na jiko moja kubwa. Bila stesheni hana mgeni, na hilo alilijua kutuzidi sote. Lakini nyuma ya nyumba alikuwa amemzika Hanne, binti yake wa miaka minne, na ardhi iliyoganda ilikataa sululu.

"Shangazi, wewe tangulia. Hanne tutamfuata Aprili," nilimwambia.

"Nani atamfuata? Wewe? Chuo chenyewe kilikushinda katikati ya njia."

Dahlke akadakia.

"Mama Thekla, barabara yangu ni theluji. Ikilainika, maksai wanazama."

"Ningojee wiki mbili tu."

"Mimi nitangoja. Jua nalo umeshaliomba?"

Shangazi akawasha moto juu ya kaburi ili ardhi ilainike. Siku tisa alichoma kuni, kisha uzio, kisha vitanda viwili vya wageni. Majirani wakapita na nyumba zao, mabomba ya majiko yakitoa moshi, wake zao wakipika maharage humo humo safarini. Siku ya kumi sululu ikazama. Tukakitoa kijisanduku cha Hanne, tukakiweka juu ya meza ya jikoni.

Siku hiyo hiyo upepo wa joto ukavuma kutoka kusini.

Dahlke akaharakisha kuifunga nyumba kwa maksai, lakini tulifika nusu ya njia tu. Bondeni theluji ikageuka uji, magogo ya mbele yakadidimia, maksai wakazama hadi tumboni. Dahlke akakata kamba kuokoa wanyama wake. Nyumba ikabaki imeinama, na Hanne akazikwa hatua ishirini kutoka mlangoni.

Mji mpya wa stesheni ukakua bila shangazi. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa na kinu, benki, shule ya ghorofa, na hoteli ya mtu asiyejua hata kukaanga yai. Treni ilipita mbele ya dirisha la shangazi, abiria wakimtazama. Haikusimama.

Theluji iliporudi, Dahlke alikuja na maksai wake.

"Nakuvuta bure, mama. Hata kahawa usinipe."

Shangazi alisimama mlangoni, akatazama pale alipolala mtoto.

"Ardhi imeganda, Lorenz."

"Si uwashe moto tena?"

"Nimfukue mara ngapi?"

Dahlke akavaa kofia yake, akageuza maksai.