Meza ya Mwelu Kando ya Ua

Mwelu alikuwa na namna yake ya kula nyama choma: mgongo kwa watu, uso kwenye ua wa kayaba. Kila Jumamosi mchana familia ya binti yake Mukai ilitoka kwenda kula kwenye bustani ya Kivulini, nje kidogo ya mtaa wao wa Syokimau. Wenyewe walikaa kwenye meza kubwa chini ya mwavuli, karibu na ngamia wa kubebea watoto, naye Mwelu akatengewa meza ndogo kule pembeni. Huko aliletewa mbavu za mbuzi, kachumbari na ugali kidogo, akala polepole huku akiutazama mlima wa Lukenya kupitia pengo la ua. Hakuna aliyemfukuza kwenye meza kubwa. Alijitenga mwenyewe, na kwa raha zake.

Sababu ilikuwa mkwewe, Muigai. Kwa Wakamba wa rika la Mwelu, mama mkwe na mume wa binti yake huwekeana nthoni, ile haya ya heshima. Hawali pamoja, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake, na jina halitamkwi. Siku hizi wengi wameiacha, wanakumbatiana mlangoni mwa kanisa kama waliozaliwa tumbo moja, na Mwelu hakuwasema vibaya. Ila mama yake alimlea hivyo, na kwa mkwe anayempenda angefanyaje pungufu ya hapo? Tangu Mukai aolewe hakuwahi kulitaja jina la Muigai. Alimwita Baba Shiru, kwa jina la mjukuu wake, na hata hilo alilisema akitazama chini.

Muigai ni Mkikuyu, lakini alizaliwa Matuu, ambako baba yake alikuwa na duka, kwa hivyo mila za Wakamba anazijua tangu utotoni. Vijana wengine wangecheka. Yeye hakucheka. Mama mkwe alipoletwa Syokimau baada ya kupasuliwa goti, akasema hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe, Muigai alipaka rangi chumba cha nyuma ya nyumba, kile cha wafanyakazi ambacho watu wa mtaa huita SQ, akabadilisha kitanda, akaweka bomba la maji ya moto na dirisha kubwa la kuangalia bustani. Mwelu alipoingia humo alikaa kitandani akalia kidogo. Maisha yake yote alikuwa amechota maji mtoni na kulima matuta ya milima ya Iveti, akiwa mjane mwenye watoto wa kusomesha. Chumba kizuri namna hiyo hakuwahi kukiita chake.

Goti ndilo lililokuwa na kazi. Daktari alitoa amri moja tu: mama atembee kila siku, la sivyo mguu utakakamaa na atarudi Iveti akiwa wa kubebwa. Amri ni rahisi kutoa. Mukai aliondoka alfajiri kupanda gari moshi kwenda ofisini Nairobi, Shiru akaenda shule, na nyumbani akabaki Muigai, ambaye kazi yake ya kompyuta huifanya sebuleni. Mwelu alitazama mkono wa mkwe, akatazama goti lake, akaona ni heri goti likakamae.

Asubuhi moja alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Akachungulia dirishani. Muigai alitoka akiwa amebeba kiti cha plastiki kichwani, akafuata njia ya miguu inayopita kando ya uwanja wa mtaa, akakiweka chini ya mgunga wa kwanza. Kisha akaenda zake mbele, akasimama mbali akitazama upande mwingine, mikono mifukoni, kama mtu anayehesabu ndege zinazotua kule uwanja wa ndege. Mwelu alielewa. Akachukua mkongojo wake, akajikokota hadi kwenye kiti, akakaa, akapumua, akarudi. Alipofika chumbani, Muigai alizunguka akakichukua kiti.

Kesho yake kiti kilikuwa mbele kidogo. Keshokutwa, mbele kidogo tena. Hivyo ndivyo goti lilivyopona: kiti kikitangulia, Mwelu akikifuata, na mkwe akisimama mbali na mgongo wake wa heshima. Kiti kilipita mgunga wa pili, kikapita goli la watoto la kuchezea mpira, kikafika hadi kwenye reli ambapo watu huja jioni kukimbia. Mvua ikinyesha, juu ya kiti kulikuwa na mwavuli. Mwelu alikuwa akikaa hapo akisali rozari yake, na fumbo la kwanza alilitoa daima kwa ajili ya mwenye kiti. Lakini shukrani zenyewe hakuwahi kuzifikisha. Alizituma kwa Mukai, na Mukai, kwa kazi nyingi, nusu alizisahau njiani.

Jumamosi moja, pale Kivulini, alikuwa akila akiwa mtu wa kushiba moyo na tumbo. Kabura, msichana wa kuhudumia wateja, alimletea bakuli la supu ambalo hakuliagiza.

"Shosho, kunywa hii. Ni yangu nimekupea," alisema kwa sauti ya chini, kama anayesema na nyanya yake. "Pole sana. Mungu anaona."

"Anaona nini, mwanangu?"

Kabura alitazama nyuma, akainama. "Venye wanakuweka huku kwa ua. Watu wote wa estate wanaongea, shosho. Ati huyo jamaa anakula na mke wake, na wewe unalishwa huku kama soja wa geti. Ati hata unalala SQ."

Mwelu aliweka mfupa chini. Kabura akatoa simu akamwonyesha picha iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la majirani. Mwelu alichukua muda kuutambua mgongo wake mwenyewe, kitambaa chake cha maua, na ua mbele yake. Chini yake watu walikuwa wameandika, na Kabura akamsomea machache aliyoweza kusoma bila haya. Mmoja alisema mtu kama huyo hafai kuongoza watu. Mwingine alisema hatapanda naye mlima tena.

"Na yeye amejibu aje?"

"Hajajibu kitu. Ndiyo maana wanasema ni ukweli."

Hapo Mwelu alikumbuka alichokiona asubuhi. Jumamosi Muigai huongoza majirani kupanda Lukenya, kundi zima la wanaume kwa wanawake wenye viatu vya rangi, na hurudi saa za chakula wakiimba. Leo alirudi mapema, peke yake, na zile chupa za maji alizowabebea wenzake zilikuwa zimejaa. Mwelu alidhani ni mvua. Kumbe hawakuja.

Na hakuwajibu. Angewajibu nini? Angelazimika kumweka mama mkwe wake mdomoni mwa watu, aeleze haya zao kwa wasiozijua, wazicheke. Mtu aliyemheshimu Mwelu kiasi hicho alikuwa amechagua kutemewa mate kimya kimya. Mwelu alimrudishia Kabura bakuli la supu. Nilikuwa najiona nampa heshima, aliwaza, kumbe heshima yangu ndiyo inayomvua nguo mbele ya watu.

"Kabura, ile mbuzi iko kwa meza yao, ni nani amenunua?"

"Si ni huyo huyo."

"Sawa."

Zamani, mkwe aliyetaka nthoni ilegezwe alitoa mbuzi, na wazee wakakaa wakajadiliana hadi pombe iishe. Mwelu aligeuka kwa mara ya kwanza akaitazama bustani nzima iliyojaa majirani: vijana wa baiskeli, kina mama wenye watoto, wanaume wenye vitambi vya mshahara. Hakumwona aliyemzidi umri. Basi mzee hapa ni mimi, alijiambia, na kikao kimekwisha.

Akainuka. Mkongojo aliuacha umeegemea ua. Kutoka pale hadi kwenye mwavuli ilibidi apite katikati ya meza zote, na alipita taratibu, sketi yake ikigusa viti vya watu, goti likimuuma kidogo na kumtii. Meza moja baada ya nyingine zikanyamaza. Ngamia peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

Muigai alimwona akija, akafanya lile alilolizoea kila asubuhi. Alisimama haraka, akavuta kiti kwa ajili yake, akageuka aondoke. Kwake ilikuwa heshima ya kumpisha mama. Kwa majirani wote waliokuwa wameinua macho, ilikuwa mtu anayemkimbia bibi kizee mbele ya nyama. Mwelu aliliona hilo kama wanavyoliona wao, akaona pia kwamba hatua mbili zaidi na jambo litakuwa limeharibika kabisa. Mkono haungeweza kumfikia. Kilichobaki kilikuwa mdomo.

"Muigai!"

Mukai aliangusha kijiko. Muigai alisimama pale pale, mgongo ukiwa umewageukia, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Kumbe susu anajua jina la baba?" Shiru aliuliza akimtazama nyanya yake.

"Nalijua vizuri sana," Mwelu alisema. Akagonga mgongo wa kiti kwa kiganja. "Muigai, rudi ukae. Mbuzi umetoa, nimeiona, na mimi nimeipokea. Nthoni imekwisha leo. Kama kuna mzee wa kupinga aje hapa tuongee."

Hakuna mzee aliyekuja. Muigai aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na bado aliyaelekeza chini kwa mazoea.

"Mami," alisema, "haukuwa na haja. Ningevumilia tu."

"Najua ungevumilia. Ndiyo maana nimekuja." Akakaa kwenye kile kiti, akaufikia mkono wa mkwewe, akaushika kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wote. "Asante kwa kiti, mwanangu. Asante kwa kila asubuhi. Hii goti ni yako."

Muigai alikaa kando yake. Akafuta uso kwa kitambaa cha karatasi kilichokuwa na pilipili, jambo ambalo halikumsaidia.

Kabura alikuwa amesimama na bakuli lake la supu, mdomo wazi. Mwelu alimwita kwa sauti ya kufika meza za mbali.

"Kabura, wewe kuja! Ambia hao wako na simu wapige picha ingine. Wanipige uso, si mgongo. Na waandike mimi ndiye nilikuwa nakaa kule, kwa kupenda kwangu, kwa sababu huyu ni mkwe wa maana. Na Jumamosi ijayo mimi pia naenda huko Lukenya. Nitafika mahali kiti itafika."

Watu wakacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa akiiba sukari. Mwanamke mmoja wa kundi la mlima aliinuka na sahani yake mkononi, akaja akasimama mbele ya Muigai. Muigai alimsogezea nafasi kwenye benchi. Wa pili akafuata, na benchi likajaa hadi Shiru akapakatwa.

Mukai alimkatia mama yake kipande cha mbavu, kilichochomwa vizuri, mafuta yakimetameta. Mwelu alikionja. Kilikuwa na chumvi ya kutosha kabisa.

"Muigai," alisema hata hivyo, "hebu nisongezee chumvi."