Vifungo Vinane vya Bi Matundu

Jina la Bi Matundu alipewa na mafundi wenzake, maana kwa miaka thelathini alishona matundu ya vifungo kwa mkono, na hakuna hata shati moja lililorudishwa. Kisha baridi yabisi ikamvamia vidole. Kila kukicha vilikuwa vimevimba na kukakamaa, havikunjiki wala havinyooki. "Vidole vyangu vimehamia upinzani," aliwaambia wateja, nao wakacheka. Mwenyewe moyoni hakucheka.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kipira cha kuminya, akamuuliza, "Mama, unataka mikono hii ikufanyie nini?"

"Nifunge gauni langu mwenyewe. Vifungo vinane. Nisivalishwe kama mtoto."

Basi hilo ndilo lililomtoa kitandani. Kila alfajiri alichovya mikono katika maji ya vuguvugu, akaminya kipira, halafu akapambana na gauni karibu saa nzima. Mwezi wa kwanza alifunga kifungo kimoja. Mwezi wa nne, vitano. Alijikaza kisabuni huku akigugumia, na mlango kaufunga ili bintiye asimwone.

Lakini binti alisikia. Naye alikuwa fundi, kafunzwa na mama huyo huyo, na kila mguno ulimkata maini. Siku mama alipokwenda kliniki kavaa dera lisilo na vifungo, aliyatoa magauni yote manne, akang'oa vifungo, akashona kifua, akatia mpira wa kuvutika shingoni ili yavaliwe kwa kupitisha kichwa. Na kwa kuwa hakulelewa kuacha kazi nusu, aliziba kila tundu kwa mshono ule ule aliofundishwa.

Mama alirudi na habari njema: asubuhi hiyo alikuwa amefika kifungo cha sita. Akayakuta magauni kitandani.

"Sasa hutateseka tena, mama," binti alisema.

Bi Matundu alipitisha kidole gumba kifuani mwa gauni, akiyatafuta matundu. Hakuyapata. Ilikuwa kazi safi mno. Habari ya kifungo cha sita akaiweka moyoni, maana mtoto anayekupenda hivyo utamgombeza kwa lipi?

"Umeshona vizuri, mwanangu."

Kesho yake alivaa kwa dakika moja. Kipira hakukigusa. Kliniki iliyofuata hakwenda, wala ile ya baada yake, na vidole vikazidi kupinda.

Hadi leo huamka saa ile ile. Huvaa mara moja, kisha hukaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akimngoja bintiye aje kumchana nywele.