Treni Haitoki Bila Pete

Enzi zetu treni iliendeshwa kwa pete ya chekeche, na dereva asiye na pete alisimama pale pale aliposimama, hata kama mvua inamwagika. Wenzangu mliokulia kota za reli hapa Mwanza najua mmeshaanza kucheka. Wengine nivumilieni, nitaeleza, maana leo nina maneno mengi na mikono haitulii. Toka mchana hapa nyumbani hapakaliki. Kaka yangu, pacha wangu, yuko ziwani anakuja, upepo umechafuka, simu yake haipatikani, na mimi nimefagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Basi niwapeleke zamani kidogo, labda muda utasogea.

Baba yetu alikuwa dereva wa treni, Mwanza kwenda Tabora na kurudi. Tulizaliwa kotani. Mwenzangu akatangulia akaitwa Kulwa, mimi nikafuata nikaitwa Doto, na kwa huko kutangulia kwake tu akajipa udereva wa maisha. Kila tulipocheza treni Kulwa alikuwa dereva na mimi nilikuwa stesheni masta. Watoto wengine walikuwa mabehewa, kila mmoja ameshika shati la mwenzake, na mwenye makamasi alikaa mwisho. Bomba la maji lilikuwa Mwanza. Lile jiwe kubwa lenye mijusi lilikuwa Fela. Mpera wa nyuma ya kota ulikuwa Malampaka, na Shinyanga ilikuwa kibarazani kwa mama mmoja aliyekaanga mihogo, kwa hiyo treni zetu zilikawia sana Shinyanga. Tabora ilikuwa vyoo vya kota, kwa sababu Tabora ndiko kila mtu alikoshuka mbio.

Sasa pete. Reli yetu ilikuwa moja, ya kwenda na ya kurudi ni hiyo hiyo. Ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, kati ya stesheni na stesheni palikuwa na pete ya njia: duara kubwa la waya lenye kimfuko cha ngozi, na ndani ya kimfuko kipande cha chuma. Aliyekuwa nayo ndiye mwenye njia. Stesheni masta alisimama kando ya reli akaiinua juu, dereva akatoa mkono dirishani amekunja kiwiko, akainasa huku treni inatembea. Ndani ya kiwiko cha baba palikuwa na sugu kwa ajili ya mchezo huo. Tulikuwa tukimwamkia "shikamoo baba" tunaigusa, naye anaitikia marahaba huku anautoa mkono wake kama anayetoa pipi.

Pete yetu sisi ilikuwa duara la chekeche la mama. Wavu wake ulikuwa mzima kabisa mpaka Kulwa alipousaidia kutoboka. Mama alipouliza unga atachekechea nini, Kulwa alimjibu kwamba bila pete treni itagongana na watu watakufa, na mama, mke wa dereva, akaenda kuazima chekeche kwa jirani. Tulitafuna michembe yetu ya viazi vikavu na karanga huku tunasafirisha abiria mpaka magoti yanaota vumbi jekundu. Nisipoinua pete, Kulwa hakutoka. Angeweza kunipita, alikuwa na nguvu kuliko mimi, lakini hakuwahi kupita hata siku moja. Alisimama anapuliza "shuu, shuu" na kunitolea macho mpaka niinue.

Baba akiwa nyumbani alikula ugali wake na sato wa kuchemsha, kisha tukamzunguka atusimulie njia. Yeye mbele yake hapakuwa na kitu cha kumwambia kinachokuja. Mlima aliujua kwa jinsi mabehewa yalivyomvuta mgongoni. Malampaka aliinusa kwanza, harufu ya pamba, ndipo akaiona. Alikuwa akituambia, "Ukingoja uione stesheni ndiyo ushike breki, hiyo stesheni utaipungia mkono." Kulwa aliyashika maneno hayo akaanza kupunguza mwendo kabla ya jiwe la Fela, na mabehewa yote yakamgonga mgongoni yakaanguka.

Niacheni niangalie dirishani mara moja. Hapa Ilemela nyumba yetu imepanda juu ya mawe, ziwa linaonekana lote. Leo ni la kijivu, limejaa povu. Boti sijaiona.

Naendelea. Jambo ambalo watoto wa leo hawawezi kulielewa ni kwamba treni ikichelewa, sisi hatukujua iko wapi. Hatukujua, basi. Mama aliweka chakula cha baba pembeni, akakifunika, na tukimuuliza baba yuko wapi alisema, "Hajapewa pete tu. Akipewa atakuja." Alilisema kama anavyosema dagaa wameisha sokoni. Kisha akachukua ungo akakaa mlangoni kuchagua mchele. Nyumba yetu ilikula mchele msafi kuliko nyumba zote za kota. Masika moja maji yalichukua tuta la reli huko mbele, baba hakurudi siku ile wala ya pili yake, na mama akauchagua mchele ule ule, akaumaliza, akaumwaga tena kwenye ungo, akaanza upya. Kulwa akamcheka: "Mama, hilo jiwe unalotafuta ni dogo kiasi gani?" Mama akaendelea kuchagua. Baba alirudi ana matope mpaka mapajani na chupa ya asali ya Tabora mkononi. Mama alimwambia, "Chakula kimepoa," akaenda kukipasha. Mimi nilidhani mama hana wasiwasi. Nilidhani anapenda tu mchele msafi.

Siku hizi mtu akitoka Butimba kwenda Igoma, njia aliyopita toka anazaliwa, anafungua ramani kwenye simu imwambie akunje wapi. Binti yangu Rehema, kitinda mimba, ni wa hao hao. Akiwa na shoga zake mjini wanatumiana lokesheni, mmoja yuko dukani, mwingine yuko mlangoni pa duka hilo hilo. Mimi huwa nawacheka. Namwambia, mwanangu, si uinue shingo uangalie?

Likizo hii Rehema alinifungulia kwenye kompyuta yake mchezo wa kuendesha treni. Si mchezo wa kitoto. Breki inachelewa kushika kama ya kweli, na mzigo ukiwa mzito unausikia. Reli zenyewe ni za Ulaya, majani mabichi, manyunyu yasiyoisha, stesheni haina hata muuza mayai. Lakini kioo kimejaa misaada: mshale unaokuonyesha stesheni iko mbele umbali gani, namba ya mwendo, mstari unaogeuka mwekundu ukikawia kushika breki, na kidirisha kinachokwambia taa inayofuata ni ya rangi gani kabla hujaiona.

"Vizime vyote," nikamwambia.

"Mama, utapitiliza stesheni."

"Nitapitiliza halafu nitajua."

Nikapitiliza kweli. Wiki ya kwanza abiria wangu walishuka porini. Polepole nikaanza kuisikia njia: daraja lina mlio wake, mlimani injini inapiga kwikwi, na ukipita nyumba nyeupe yenye dohani mbili uanze kushika breki hata kama mbele huoni kitu. Nilifurahi kama mtoto. Mama mtu mzima, nimestaafu uuguzi, nimejifunga khanga, naendesha treni Ulaya bila mshale.

Tatizo likawa moja. Nikifika stesheni nikasimama, abiria wakapanda, taa ikawa ya kijani, sitoki. Mkono haupeleki. Rehema akasema, "Mama, kijani hiyo." Nikamwambia naiona. "Sasa unasubiri nini?" Nikaona haya kumwambia nasubiri pete. Mchezo wenyewe ukaandika kwamba nimechelewa na abiria wamelalamika. Ikawa hivyo kila stesheni. Kichwa kinajua kwamba wale wana taa zao na waya zao, lakini mwili umekulia kota ya reli, bila pete hautoki. Rehema alicheka mpaka akakaa chini.

Kaka yangu Kulwa nilimsimulia mchezo kwa simu, hilo la pete nikalificha, maana ningekoma kwa utani. Yeye ni mwalimu mstaafu, anaishi Nansio, ng'ambo huko Ukerewe. Alicheka akasema, "Wewe ni stesheni masta. Udereva nani kakupa?" Nikamwambia aje tuone. Akasema, "Nakuja Jumamosi. Mishale usiwashe mpaka nifike." Leo ndiyo Jumamosi.

Asubuhi alipiga akiwa gatini, anasema boti inaondoka, ziwa limetulia. Baada ya hapo upepo ukageuka. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa upepo wa ziwa. Kila mtaa una nyumba inayojua. Muda wa boti kufika ukapita. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena. Nikaenda kufagia.

Halafu, wenzangu, mimi ninayewacheka watoto nilimwita Rehema nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kwani hakuna namna ya kuona mjomba wako alipo? Si ule mshale wenu?"

Hakunicheka. Alisema, "Simu ikizima mshale hauonyeshi, mama."

Nikakaa kwenye kompyuta nikaendesha kipande kile kile cha njia, nikafika, nikakianza tena. Nilipokuwa nakianza tena ndipo nikamwona mama yangu mlangoni na ungo wake. Nilitaka kulia. Hakuwa akitafuta jiwe lolote. Alikuwa hajui mumewe yuko wapi, na ana watoto wawili wanaomtazama usoni. Rehema akauliza, "Mama, mjomba atakuwa wapi lakini?" Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Hajapewa pete tu. Akipewa atakuja." Nililisema vizuri, kama mama. Ningetoa chochote leo nipate mshale mmoja, hata wa uongo.

Treni nimeiacha imesimama stesheni, nikachukua simu kuwaandikia nyinyi. Ngoja, kuna pikipiki inapanda mlima.

Naendelea, sasa ni Jumapili, nimeshapika chai.

Pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya jirani. Yeye alikuja baadaye kwa mguu, jua linakaribia kuzama, amelowa, viatu mkononi, na sato wawili wamefungwa kamba. Nahodha aliuona upepo mapema akajificha nyuma ya kisiwa mpaka ukatulia. Abiria walikaa ufukweni wakachoma samaki. Simu iliingia maji. Kulwa alisimulia hayo yote akiwa bado mlangoni, anacheka, na mimi nikamwambia, "Chakula kimepoa," nikakimbilia jikoni ili asinione uso.

Alipokula alisema apelekwe kwenye treni. Rehema akamwonyesha vitufe, akamuuliza kama awashe mishale angalau kwa kuanzia. "Hapana," akasema. Nikakaa kando yake, kushoto, mahali pa stesheni masta. Akaondoka vizuri, akaisikiliza, akaanza kushika breki kabla ya stesheni kuonekana, kama kwenye jiwe la Fela. Akasimama. Abiria wakapanda. Taa ikawa ya kijani.

Hakutoka.

Rehema akanitazama, akamtazama yeye. "Mjomba, kijani hiyo."

Kulwa wala hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshatoka pembeni, kiwiko kimekunjwa, unangoja. Na mvi zake zote zile.

Watoto wetu wanajua kila mtu aliko, na ninawaonea wivu, nakiri. Sisi tulijifunza kusimama tunangoja tu, na wengi tuliowangojea hivyo, baba, mama, mabehewa yetu ya pale kota, hawako tena. Chekeche nililonalo siku hizi ni la plastiki, na sikutaka kuinuka kulifuata jikoni. Nikapitisha mkono wangu kwenye kiwiko cha kaka yangu. Stesheni masta anatakiwa aachie pete hapo hapo, la sivyo treni itaondoka naye.

Sikuachia.