Kusini Wanacheza Saa Kumi

Mume wangu ni mtu wa Nungwi na mama yangu ni mtu wa Makunduchi, kwa hiyo ndani ya nyumba yetu kaskazini na kusini wanataniana tangu siku ya posa. Sikujua kwamba utani huo huo unaweza kupanda ndege ukatujia kutoka Ayalandi.

Walikuja mume na mke, kufundisha kwa mkataba katika chuo kimoja upande wa Tunguu. Kazi yangu mie ni kusomesha wageni Kiswahili, hapa hapa Mji Mkongwe, katika chumba cha chini cha nyumba yetu. Walianza kama wanafunzi wangu, kisha wakawa wapangaji wetu wa ghorofa ya pili. Mume alizaliwa kaskazini ya nchi yao, mke kusini. Mama yangu, anayeishi nasi na ambaye magoti yake hayamruhusu tena kutembea masafa, alipolisikia hilo alicheka mpaka akajifuta machozi. Tangu siku hiyo hakuwaita kwa majina yao. Mmoja akawa wa Kaskazini, wa pili wa Kusini, na wenyewe walifurahi.

Siku moja darasani, nikiwafundisha namna ya kulinganisha vitu, niliwaambia wazungumze juu ya jambo la kwao wanalolikosa. Nilitarajia mvua, viazi, mama zao. Badala yake waligombana kwa Kiswahili kipindi kizima, na sijapata kuona wanafunzi wakijifunza kwa kasi namna ile. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: michezo yao ya asili inashindaniwa kwa mikoa na wilaya, sasa ubingwa gani unapendeza zaidi kuutazama?

Wa Kaskazini alisema hakuna kama ubingwa wa mkoa wao, wa mpira wa Kiairishi, unaochezwa kwa mikono na miguu pamoja. Kila wilaya haitaki kabisa kufungwa na jirani yake, alisema, wachezaji wanabanana hivi, akakutanisha viganja, na goli likipatikana ujue limetolewa jasho.

"Huo si mpira," mkewe akamjibu. "Huo ni msongamano."

Neno msongamano nilikuwa nimemfundisha wiki iliyotangulia, tulipokuwa tunazungumzia soko la Mwanakwerekwe. Nilishindwa kujizuia nikacheka.

Yeye alikuwa upande wa magongo. Kila mchezaji anashika gongo la mti lenye ubapa mwishoni, na kijipira chao ni kidogo, kigumu, kinapaa juu ya vichwa vya watu. Kikipita juu ya mwamba wa goli, baina ya nguzo mbili ndefu, ni pointi moja, na mzee mmoja aliyesimama pale na koti jeupe kama daktari anainua bendera nyeupe. Kikiingia wavuni ni pointi tatu, na bendera inakuwa ya kijani. Alisema ubingwa wa magongo wa mkoa wa kusini ndio mtamu kuliko yote, kwa sababu hakuna timu nyonge, na ukiinama kuokota kijiko unaweza kukuta mchezo umeshageuka.

Mie sikuwahi kuwa mtu wa mpira. Mpira kwangu ulikuwa kelele za mume wangu na jamaa zake. Lakini niliwaambia wanioneshe, na Jumapili ile wakashuka na kompyuta yao, wakaiunga na televisheni yetu ya sebuleni.

Mume wangu alirudi kuswali alasiri, akasimama mlangoni, akatazama kidogo.

"Si hoki hii?" akauliza. "Hata hapa mjini ikichezwa zamani."

Wa Kusini aliweka kikombe chake chini akaanza kumweleza tofauti. Alimweleza mpaka chai ikapoa. Mume wangu hakulitaja tena neno hoki mbele yake.

Mama kwanza alidhani wachezaji wanapigana. Alijifunika uso kwa ukaya wa kanga, akawa anachungulia. Kisha akaacha kuchungulia, akatazama moja kwa moja, na mara akaanza kutuhadithia habari za Mwaka, siku ile Makunduchi watu wa upande huu na wa upande ule wanapokutana uwanjani na kutandikana kwa migomba. Kaka zake walikuwa wakirudi na migongo myekundu, alisema, wamefurahi kama watu waliotoka harusini, na jioni wanakula sinia moja na wale wale waliowatandika.

"Hawa nnawaelewa," akasema.

Basi tukawa na Jumapili zetu. Mwezi wa Mei kwao ndipo mchezo unapopamba moto, na kila wiki kulikuwa na mechi moja au mbili. Nilikuwa nakaanga bajia mapema, maana mama alikataza mtu kupita mbele ya televisheni na sinia. Nilianza kuwajua wachezaji kwa migongo yao. Nilijikuta Jumatano natembea Darajani huku nawaza kama yule beki mrefu atapona bega. Na nikiwa mkweli, mpira wa kaskazini nao haukuwa mbaya kama mke alivyousema. Siku wilaya ya wa Kaskazini ilipofungwa kwa pointi moja katika fainali yao, nilikuta nimeivunja bajia mkononi vipande vipande bila kuila. Mwenyewe alipanda ghorofani bila kuaga, na hatukumwona mpaka asubuhi.

Baada ya mechi kadhaa ndipo wa Kusini alipotuambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeona haya, kwamba golikipa wa timu yake ni mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba wa kwao. Siku za kazi ni fundi bomba. Hakuna hata mmoja kati yao anayelipwa kwa kucheza.

Jambo hili lilimsumbua sana mume wangu. Alimuuliza mara mbili kama ameelewa vizuri, kwamba watu wanajaza uwanja mkubwa vile na wachezaji hawapewi kitu.

"Wanapewa chakula baada ya mazoezi," alisema wa Kusini.

"Na akivunjika kidole?"

"Jumatatu anakwenda kazini na kidole chake."

Mama alimtazama yule golikipa kwenye kioo, amevaa kofia ya chuma yenye vyuma mbele ya uso, akasema huyu sasa ni mwanawe. Kuanzia hapo kila mpira ulipokwenda golini kwake, mama alikuwa anasoma kitu kimoyomoyo.

Fainali ya kusini ilichezwa saa kumi ya kwetu. Tangu asubuhi wa Kusini alikuwa hatulii. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alitoka kununua mkate, akarudi bila mkate. Mechi ilipoanza hakukaa kwenye kiti, alisimama nyuma ya mama amemshika mabega, na kila timu yake ilipokosa mama alikuwa anaminywa, lakini hakulalamika.

Wilaya ile nyingine ilikuwa na nguvu. Walitangulia, timu yetu ikawafikia, wakatangulia tena. Golikipa wetu alizuia mpira mmoja kwa kifua, na sote tukaisikia sauti ya pigo lile. Wa Kaskazini, ambaye alikuwa ameapa hatashangilia magongo maisha yake yote, alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni. Zilikuwa zimebaki dakika chache na timu yetu iko nyuma kwa pointi mbili, umeme ukakatika.

Feni ilizunguka kidogo ikasimama. Kisha mume wangu akatoa simu yake mfukoni, akasema kompyuta ina chaji, na mtandao atautoa yeye kwenye simu. Tukajaribu. Lakini kuta za nyumba yetu ni za mawe, nene kama kitanda, na ndani yake simu haishiki kitu. Picha ilikuja, ikaganda, ikapotea.

"Juu ya paa inashika," alisema mume wangu.

Tulianza kukimbilia ngazi. Ndipo nikasikia sauti ya mama nyuma yangu, tulivu kabisa.

"Na mie nipandisheni."

Nilimwambia ngazi ni kali, atuachie tutamletea habari. Akasema habari hazitaki, anataka kumwona mwanawe. Mume wangu na wa Kaskazini wakatazamana, wakakikamata kiti chake, mmoja mbele mmoja nyuma, na kumpandisha ghorofa mbili hivyo hivyo, mama amekamata kuta kwa mikono miwili. Kwenye kona ya mwisho alicheka. Alisema amengoja miaka mingi kuona watu wa kaskazini wanambeba mtu wa kusini.

Juu jua lilikuwa kali bado, kioo cha kompyuta hakionekani. Nikavua kanga yangu ya juu, mie na wa Kusini tukaishika pande nne kama hema, sote tukaingiza vichwa chini yake. Jirani yetu alikuwa kwenye paa la pili anaanua nguo. Akauliza kuna nini, nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ni mpira. Akaweka nguo chini akaja kuegemea ukuta.

Picha ilirudi. Bado tuko nyuma kwa pointi mbili, na timu yetu imepewa mpira wa adhabu, mbali sana na goli la wenzao. Kisha tukamwona golikipa wetu anatoka golini kwake, anatembea polepole mpaka katikati ya uwanja na gongo lake begani. Yeye ndiye anayepiga ya masafa. Wa Kusini aliivuta kanga mpaka ikatugusa vichwa.

Ikiwa atapitisha juu ya mwamba, ni pointi moja, na haitoshi. Kwa hiyo lazima auangushe mbele ya goli, katikati ya watu, na aombe Mungu. Aliuinua mpira kwa ubapa wa gongo, akaupiga. Mpira ukapaa juu, mdogo, mweupe, na picha ikaganda pale pale.

Tulibaki tunautazama mpira uliosimama hewani. Mume wangu aliinua simu yake juu kwa mkono ulionyooka, akawa anazunguka nayo paani. Hapo simu ya wa Kusini ikaanza kulia, ujumbe mmoja, wa pili, mfululizo. Kule kwao wameshaona. Alikataa kuitazama.

"Fungua, mwanangu," mama alimwambia. "Lililokuwa lishakuwa."

Akafungua. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja. Ni ukelele mtupu, mrefu, wa mwanamke, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema kama ni wa furaha au wa msiba. Akausikiliza tena, na bado hakuweza kusema.

Picha ikashtuka. Tuliona rundo la watu wameanguka mbele ya goli, magongo yametawanyika, na kando ya nguzo yule mzee wa koti jeupe ameinua bendera kwa mikono miwili. Ilikuwa ya kijani.

Ya baadaye nayakumbuka kwa vipande. Wenzao walipata mpira wa mwisho, wakaupiga nje. Firimbi ikalia. Wa Kusini alikaa chini sakafuni, akajifunika na kanga yangu, akalia. Wa Kaskazini alimkumbatia mume wangu, ambaye si mtu wa kukumbatiwa, naye akakubali. Mama alipiga vigelegele. Jirani yetu akampokea, na kutoka paa la tatu mwanamke mwengine akapokea, kisha mwengine kule kwa mbele, na sidhani kama walijua wanamshangilia nani.

Siku ya pili golikipa alipiga simu ya video. Alikuwa kazini kweli, jikoni kwa watu, na bomba liko wazi nyuma yake. Dada yake alikuwa amemfundisha neno moja, akalitamka kwa uangalifu: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama. "Nioneshe mkono."

Akauonesha. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa pamoja. Mama akamwelekeza namna ya kuvichua kwa mafuta ya karafuu, nami nikatafsiri, na yeye akaitikia kila neno kama yuko mbele ya daktari.

Mkataba wao ulikwisha wakarudi kwao. Nikiulizwa sasa ubingwa upi ni mtamu kuutazama, nasema ni magongo ya kusini, mwezi wa Mei, kabla ya fainali, timu zote zikiwa bado zina matumaini. Mume wangu hakubaliani. Kila Jumapili anajifungia chumbani na kompyuta kutazama mpira wa kaskazini, na mie na mama tunamsikia huko ndani akimfokea refa kwa Kiswahili.